Koti, Ovaroli na Bastola ya Rivonia



Desemba hapa Johannesburg jua huwa kali, na bado kwenye foleni ya benki utamkuta mwanamume amevaa koti, au shati pana ambalo hakulichomeka. Wenyeji wanajua maana yake na hawaulizi. Sheria ya silaha ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inamtaka mwenye leseni anayebeba bastola hadharani aifunike yote. Iwe katika ala iliyofungwa mwilini au ndani ya begi, na asiache kuidhibiti. Basi nguo nayo imeingia katika sheria.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu rafiki yangu, mtu wa Moshi, alivamiwa getini kwake mwaka huu. Walichukua gari, wakamwachia uhai. Wiki iliyofuata alikuja kwangu akaniuliza: "Kaka, niombe leseni?" Mimi ni mhandisi, nimezoea maswali yenye jibu la hesabu. Hili lilinishinda. Nikamsimulia habari ya bastola moja iliyopita kwetu.

Januari 1962 Nelson Mandela alitoroka Afrika Kusini kwa siri, akaingia Tanganyika kupitia Mbeya, nchi ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, na wazee wetu walipenda kutukumbusha hilo. Katika kumbukumbu zake ameeleza kwamba hotelini hapo aliwaona weusi na weupe wamekaa pamoja wakizungumza, jambo ambalo kwao halikuwezekana. Alizunguka Afrika akitafuta msaada, kisha akapata mafunzo ya kijeshi Ethiopia. Alipoitwa arudi nyumbani kabla ya kumaliza, kanali mmoja wa huko alimzawadia bastola na risasi 200.

Njiani kurudi alilazimika kulala Khartoum, katika hoteli iliyojaa Wazungu. Bastola ilikuwa ndani ya koti, na risasi amejizungushia kiunoni ndani ya suruali. Zama zile mashine za kukagua abiria hazikuwapo. Hata hivyo alipopita barazani mbele ya wale wageni waliovaa vizuri, alihisi macho yao yanapenya nguo na kwamba atakamatwa wakati wowote. Hakuna aliyemgusa. Kesho yake alifika Dar es Salaam, akakutana na vijana 21 wa Umkhonto we Sizwe waliokuwa wakielekea Ethiopia. Wakampigia saluti.

Sasa tazameni upande wa pili. Kabla ya safari hiyo Mandela aliishi mafichoni katika shamba la Liliesleaf, Rivonia, kaskazini mwa Johannesburg, kwa jina la David Motsamayi. Alivaa ovaroli ya buluu kama mtumishi wa nyumba. Barabarani alivaa koti la dereva na kofia yake. Polisi walikuwa wakimsaka nchi nzima, lakini wengi hawakumwangalia usoni mtu mweusi aliyevaa nguo za kazi. Ubaguzi wenyewe ulimpa maficho.

Ninalijua jambo hili kidogo. Nikiwa na ovaroli na kofia ngumu napita milango mingi bila swali. Nikivaa koti langu la suti siku ya baridi, na simu imevimba mfukoni, mlinzi hunitazama kiunoni kabla hajaniitikia salamu.

Tarehe 5 Agosti 1962, karibu na Howick, gari la Mandela lilisimamishwa. Alikuwa amevaa koti jeupe la dereva, na alikuwa na bastola. Hakuitumia. Aliifutika katikati ya viti pamoja na daftari lake, akashuka. Ile zawadi ya Ethiopia ilikuwa imefukiwa ardhini Liliesleaf. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisema iliko, watu wakachimba, hawakuipata.

Oktoba mwaka huo huo aliingia mahakamani Pretoria amevaa vazi la ngozi ya chui, mavazi ya kwao. Hakuficha chochote. Alikuja kama Mwafrika katika mahakama ya Wazungu, na kila mtu aliona. Alihukumiwa miaka 5 mwezi Novemba, lakini vazi lile ndilo linalokumbukwa hadi leo.

Rafiki yangu alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe hata yeye aliiacha garini," akasema. Nikamwambia asinielewe vibaya. Mandela aliamini kwamba mapambano ya silaha yalikuwa ya lazima, na simdharau baba anayeogopa kwa ajili ya watoto wake. Ninachokiona ni kwamba anayeficha silaha hubeba mizigo miwili: chuma chenyewe, na ile hofu ya Khartoum kwamba kila jicho linamwona. Na wavamizi wa hapa mara nyingi huja kuitafuta bastola yenyewe.

Mpaka naandika hajaamua. Amefunga taa mbili getini, na ile fomu ya leseni iko juu ya friji, haijajazwa. Jumapili alikuja kwangu kula wali amevaa fulana nyepesi, kiuno wazi, akacheka aliponiona namtazama. Niliona aibu. Nilikuwa nimemkagua kama mlinzi wa benki.