Ufunguo na Mteremko

Huko Mponde, katika milima ya Usambara, motokaa iliyokataa kuwaka yaweza kusaidiwa na mteremko. Lakini msaada huo una mpaka wake. Zamani injini ilizungushwa kwa hendeli. Mwaka 1912 Cadillac ilileta stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Mwaka 1949 Chrysler iliiunganisha stata na umeme wa cheche katika swichi moja ya ufunguo. Datsun 240Z, mshindi wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, ilirithi mtindo huo. Swichi ikifa upande wa stata, gia ikiingizwa mlima huzungusha injini. Ikifa upande wa cheche, mlima haufai kitu. Hapo fundi hufungua waya wa betri, hutambua kila waya wa swichi, ndipo hufunga mpya.