Ushindi wa Maneno Mafupi

Mdororo mkuu wa uchumi ulipowabana Wamarekani, Alfred Mosher Butts, msanifu majengo aliyeishi mtaa wa Jackson Heights jijini New York, alijikuta hana kazi. Mwaka ulikuwa 1931. Badala ya kuchora nyumba akaanza kuhesabu herufi. Alichukua kurasa za mbele za magazeti, New York Times likiwamo, akaandika E imetokea mara ngapi, T mara ngapi, Q mara ngapi. Alikuwa akibuni mchezo ambao ndani yake bahati na ujuzi vingegawana nguvu.

Hesabu ile ingali ndani ya kila boksi la Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi. Kati ya vipande 100, E ina 12 na kila kimoja kina thamani ya alama 1. Q na Z zina kipande kimoja kimoja, lakini kila kimoja kina alama 10. S Butts aliibania: vipande vinne tu, kwa kuwa katika Kiingereza kuongeza S mwishoni huzaa wingi, na hilo lingeurahisisha mchezo kupita kiasi.

Mwanzoni mchezo uliitwa Lexiko na haukuwa na ubao. Mwaka 1938 Butts aliuongezea ubao wa miraba 15 kwa 15 na kuuita Criss-Crosswords. Kampuni za michezo zikaukataa. Miaka kumi baadaye James Brunot wa jimbo la Connecticut aliuchukua, akaupa jina tunalolijua leo, na mwaka 1949 akatengeneza takribani maboksi 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Maombi ya wanunuzi yalifurika mwaka 1952, na inasimuliwa kwamba mkuu wa duka la Macy's aliucheza likizoni, akarudi kazini na kushangaa kuwa duka lake haliuuzi.

Ubishi wa sebuleni ulipogeuka mashindano, ilibidi awepo mwamuzi. Kamusi rasmi ya wachezaji wa Marekani ilitoka mwaka 1978. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwaka 1991. Maneno yakaanza kupangwa kwa urefu na kwa herufi zilizomo, na watu wakayakariri kwa maelfu. Orodha ya Collins, inayotumika katika sehemu kubwa ya dunia, ina takribani maneno 13,000 ya herufi tano pekee.

Hapo ndipo maneno madogo yanapoonyesha yalikotoka. AA ni mwamba wa volkano wenye uso wa kukwaruza, neno la Hawaii. CWM, lisilo na A, E, I, O wala U, ni bonde katika Kiwelisi. QI, nguvu ya uhai ya Wachina, liliruhusiwa katika mashindano ya Marekani mwaka 2006 na likawaokoa wengi waliokwama na Q bila U. Maneno mengine ya kuokoa yametoka katika Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu akiyaona: QADI ni kadhi, WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, NIQAB ni vazi la kufunika uso. QAT ni miraa ileile inayovunwa Meru. UGALI, BWANA, PANGA na UHURU nayo yamo katika orodha ya Collins, kila moja likiwa na herufi tano.

Hata hivyo, mabingwa wengi waliwekeza nguvu zao kwenye maneno marefu, na walikuwa na sababu. Anayemaliza vipande vyake vyote saba kwa mkupuo hupata alama 50 za ziada. Ndiyo maana mchezaji hodari akishika A, E, I, N, R, S na T huona papo hapo RETAINS (kubakiza), NASTIER (mbaya zaidi) na RETSINA, mvinyo wa Wagiriki.

Wachezaji wa Nigeria waliona kasoro katika mazoea hayo. Neno refu humfungulia mpinzani nafasi ubaoni, tena humaliza herufi nzuri ulizokuwa umezihifadhi kwa zamu ijayo. Wakajifunza kwa makusudi maneno ya herufi nne na tano, na nyakati nyingine wakaliacha neno refu lililokuwa tayari mkononi. Hilo linahitaji moyo mgumu: kuziacha alama 50 unazoziona ili umnyime mwenzako asizoziona bado.

Novemba 2015, mjini Perth, Australia, mbinu hiyo ilifika fainali ya dunia. Wellington Jighere wa Nigeria alikutana na Lewis Mackay wa Uingereza katika pambano la hadi michezo saba, na minne ikatosha: Jighere alishinda 4–0 na kuwa bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Afrika katika Scrabble ya Kiingereza. Neno lake lililonukuliwa zaidi na magazeti lilikuwa FELTY, yaani lenye sifa ya kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa. Herufi tano tu, F na Y zikiwa na alama 4 kila moja. Kwa msaada wa miraba ya ubao inayoongeza alama, zilimpa alama 36.