Wagner Hakutaka Kuwamo Pakitini

Pakiti ya sigara ya Marekani ya miaka ya 1880 ilikuwa ya karatasi laini, na sigara zilipondeka mfukoni. Watengenezaji wakatia ndani kipande cha kadibodi ili kuikaza. Kadibodi tupu, mbele ya mfanyabiashara, ni nafasi inayopotea bure. Wakaichapa picha za waigizaji wa kike, bendera, mabondia na wachezaji wa besiboli.

Soko lenyewe lilikuwa la kugombaniwa. Mashine aliyoipatia hataza James Bonsack mwaka 1881 ilisokota sigara zaidi ya 100,000 kwa siku, nyingi kuliko mahitaji ya wavutaji wa wakati huo, hivyo kadi ikawa chambo. Kampuni ya Goodwin ya New York ilitia picha za mamia ya wachezaji katika sigara zake za Old Judge kuanzia 1886 hadi 1890. Kamera za siku hizo hazikumudu mwendo wa kasi. Mchezaji alipelekwa studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa mandhari, akanyoosha mikono kana kwamba anadaka mpira, na mpira wenyewe umening'inizwa kwa uzi. Katika baadhi ya kadi hizo uzi unaonekana waziwazi.

Mwaka 1890 James Duke aliziunganisha kampuni kubwa tano, yake ikiwamo, zikawa American Tobacco. Mshindani hakuna, chambo cha nini tena? Kadi zikaadimika.

Zilirudi kwa kishindo mwaka 1909. Hadi 1911 zilichapwa aina zaidi ya 500, kila kadi ikiwa na upana usiofika sentimita 4: mbele picha ya rangi, nyuma tangazo la Piedmont, Sweet Caporal au chapa nyingine. Watoto waliwaomba wavutaji wawape.

Honus Wagner wa timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, nyota mkubwa wa enzi hiyo, alikataa picha yake itumike. Gazeti la The Sporting News liliandika mwaka 1912 kwamba mwandishi wa michezo John Gruber alikuwa ameahidiwa dola 10 akimpata Wagner akubali. Wagner akakataa, kisha akampelekea Gruber hundi ya dola 10 ili asipate hasara. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili yake, na wapo wanaosema alitaka kulipwa. Yeye mwenyewe alitafuna tumbaku, basi asifanywe mtakatifu. Kadi yake ilisitishwa mapema, na zinazojulikana leo hazizidi mia.

Jefferson Burdick wa Syracuse ndiye aliyezipa kadi hizi za 1909 hadi 1911 jina la T206 katika katalogi yake ya kadi. Ingawa baridi yabisi ilikuwa imemkaza viungo, alitumia miaka akigundisha mkusanyiko wake kwenye albamu za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Alimaliza Januari 1963, akafariki miezi miwili baadaye. Ndiyo, kwa gundi! Wachuuzi wa leo wangezimia.

Maana sasa ubora wa kona tu hubadilisha bei. Mwaka 1991 nyota wa hoki Wayne Gretzky na mmiliki wa timu yake, Bruce McNall, walinunua kadi moja ya Wagner kwa dola 451,000, kingo zake zikiwa kali ajabu. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri kwamba alikuwa amezipunguza kingo hizo kabla ya kuiuza. Mwaka 2022 Wagner mwingine, aliyechakaa, alinunuliwa kwa dola milioni 7.25.