Wazee wa Hai na Sisi wa Umri wa Kati



Baba yangu aliwajua ng'ombe wake wote kwa rangi. Alipofika miaka 80 alipotea njia kutoka mnadani Katesh kurudi nyumbani. Majirani walisema ni uzee. Wengine walitaja uchawi. Nami, pamoja na digrii yangu na meza ya serikali, sikuwa na jibu bora kuliko lao. Ndipo nikaanza kuitafuta historia ya jambo hili.

Utafiti wa ubongo si mgeni kwetu Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka 2003 na 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na hospitali hiyo, wakawahoji watu zaidi ya 7,000 kuhusu kifafa. Wananchi walifungua milango, na ugonjwa uliozoea kufichwa ukahesabiwa.

Kwa upande wa wazee, mfano ulio karibu ni wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 wazee 1,198 wa vijiji 6, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, walishiriki. Baada ya kusawazisha hesabu za umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Lakini vipimo vingi vya kigeni humtaka mtu asome, aandike au achore. Mzee ambaye hakushika kalamu maishani ataonekana mgonjwa, kumbe ni mzima! Kwa hiyo watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno 10, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Wazee wasiojua kusoma ndio waliowafundisha wasomi kupima kwa haki.

Je, sisi wa umri wa kati? Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ya hatari yanayoweza kupunguzwa. Shinikizo la damu na upungufu wa kusikia yamo, nayo huhesabiwa katika umri wetu huu. Elimu haba huhesabiwa tangu utotoni. Basi ninyi mlioko madarasani, masomo yenu pia ni kinga.

Watafiti wakibisha hodi, tusiseme hatuna nafasi. Hata hivyo, kujitolea si kufumba macho. Uliza kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Dai maelezo kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Kiiraqw au Kidatoga. Tena ujue kuwa una haki ya kukataa, au kuacha katikati.

Baba alifariki bila kupimwa na mtu yeyote. Mimi nimekwisha kupima shinikizo la damu, na siku nitakapoombwa kushiriki, jina langu nitaliandikisha.