Kikohozi cha Wafugaji

Mtu wa pande za Kotile, karibu na mto Tana, aliyeshikwa na kikohozi kisichokoma katika zama za ukoloni, alikuwa na mengi ya kukidhania: vumbi la kiangazi, moshi wa kuni, baridi ya usiku machungani, au jicho la hasidi, ilhali kwa wengi sababu yenyewe ilikuwa kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikwisha kukitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Na kukibaini si kazi ya miujiza. Makohozi ya alfajiri, mazito, yaliyotoka chini kifuani wala si mate ya kinywani, hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha huoshwa kwa asidi na kutiwa buluu, ndipo hutazamwa kwa hadubini. Vyote vilivyomo hugeuka buluu ila vijiti vyembamba vyekundu vilivyokataa kuiacha rangi ya kwanza, na hapo tabibu hana shaka tena.

Lakini hadubini haikufika kwa mfugaji, naye hakufika kwenye hadubini. Tangu 1926 serikali ilikuwa imeifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, hata kuingia na kutoka kukahitaji kibali. Na baada ya uhuru vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, vikazidisha dhiki. Fauka ya hayo, tiba ya siku hizo ilichukua hata miezi 18, na ng'ombe hawamngoji mgonjwa mvua inaponyesha kwingine. Aliyepata nafuu baada ya wiki chache alihama na mifugo yake, na maradhi yakarejea.

Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Afrika Mashariki, yaliyoonyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha ikiwa rifampisini imo katika dawa. Miaka minne baadaye Annalena Tonelli, mwalimu Mwitaliano aliyekuwa Wajir, kaskazini mwa Kenya, alianza kuwakalisha wagonjwa wahamaji katika manyata, wakajijengea vibanda kwa desturi yao, wakameza dawa kila siku mbele ya wahudumu hadi muda utimie. Kwa rai yangu, fadhila kubwa ya manyata ile ni kuwa haikumtaka mfugaji aache kuwa mfugaji. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipokuja kuueneza mtindo wa kumeza dawa mbele ya shahidi, katika miaka ya 1990, Wajir ilikuwa imekwisha kuuzoea. Tonelli mwenyewe aliuawa Borama, Somaliland, mwezi Oktoba 2003, akiwa angali akiwatibu wagonjwa wa kifua.

Leo mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, hata pale ambapo vijidudu ni vichache mno kuonekana kwa hadubini. Basi, ewe msomaji wa Kotile au wa Masalani, ukiwa na jamaa aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, mpeleke akatoe makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.