Vidole Viwili Chini ya Jicho

Chukua vidole viwili, cha shahada na cha kati, ugonge taratibu kwenye mfupa ulio chini ya jicho lako. Gonga mara tano au sita. Shuka chini ya kwapa, kisha uhamie kwenye mtulinga. Muda wote huo fikiria jambo linalokuumiza. Kabla ya kuanza, yape maumivu yako alama kati ya 0 na 10. Ukimaliza, yape alama tena. Hulazimiki kumwambia mtu ni jambo gani hilo.

Kwa miaka kadhaa, ujuzi unaofanana na huu umefundishwa kwa watu wa kawaida nchini Rwanda na Uganda, ili wawatibu jirani zao wenye kiwewe cha mauaji na vita. Historia ya namna ulivyotufikia inastahili kusimuliwa, kwa sababu ndani yake kuna swali linalotuhusu: mtu anapofundishwa kuponya, anakabidhiwa nini hasa?

Chanzo chake ni California. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Roger Callahan alikuwa akimtibu mwanamke aliyeogopa maji. Kwa maelezo ya Callahan mwenyewe, walikuwa wamehangaika kwa zaidi ya mwaka bila mafanikio. Siku moja mwanamke huyo alisema hofu yake anaisikia tumboni. Callahan alikuwa amejifunza kidogo kuhusu tiba ya Kichina, ambayo husema kuwa mwili una njia za nishati na kwamba njia ya tumbo huanzia chini ya jicho. Akamwambia agonge hapo. Mwanamke akasema hofu imeondoka, akainuka kuelekea kwenye bwawa la kuogelea.

Juu ya kisa hicho kimoja Callahan alijenga tiba aliyoiita Thought Field Therapy, kwa kifupi TFT. Alidai kwamba maumivu ya moyo ni hitilafu katika nishati ya mwili, na kwamba kila aina ya maumivu ina mpangilio wake wa sehemu za kugonga. Mafunzo yakawa biashara. Ngazi ya juu kabisa, ambayo mganga aliweza kupima nishati ya mgonjwa kwa kusikiliza sauti yake kwenye simu, ilifundishwa kwa dola 100,000. Mwanafunzi wake mmoja, mhandisi Gary Craig, aliona mpangilio hauna umuhimu mkubwa hivyo. Akaunganisha sehemu zote katika mzunguko mmoja, akauita EFT, na kusambaza mwongozo wake bure. Ndivyo ugongaji huu ulivyoenea duniani.

Wanasayansi wa Marekani hawakuupokea vizuri. Mwaka 1999 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilizuia mafunzo ya TFT yasihesabiwe kuwa sehemu ya masomo ya kujiendeleza kitaaluma. Hoja ilikuwa moja: ushahidi uko wapi?

Wakati huohuo Rwanda ilikuwa na hitaji ambalo halikuweza kusubiri mijadala. Katika siku 100 za mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu zaidi ya 800,000. Mwaka uliofuata watafiti waliwahoji zaidi ya watoto 3,000. Watoto 90 katika kila 100 walisema kuna wakati waliamini watakufa. Madaktari wa magonjwa ya akili walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wanyarwanda walikuwa na neno lao kwa hali iliyowapata manusura, hasa kila Aprili kumbukumbu ziliporudi: ihahamuka, neno linalohusiana na mapafu, yaani pumzi kukatika kwa hofu.

Halafu kulikuwa na suala la kusema. Manusura na aliyewaua ndugu zake waliishi kilima kimoja, wakateka maji kisima kimoja. Methali ya Kinyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Katika mazingira hayo, tiba isiyomlazimu mtu kufungua kinywa ilikuwa na mvuto wake.

Mwaka 2006 mtaalamu wa TFT, Caroline Sakai, na wenzake walifanya kazi na vijana 50 katika kituo cha mayatima nchini humo. Kila kijana alipata kikao kimoja. Kabla ya hapo walezi wao walikuwa wamewaweka wote katika kiwango cha kiwewe kikali. Baada ya hapo waliobaki katika kiwango hicho walikuwa 6 tu kwa 100. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2010. Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi: viongozi wa jamii wa Rwanda walifundishwa kutoa tiba hiyo wenyewe, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 waliwatibu watu wazima miongoni mwa washiriki 145. Kundi lililotibiwa lilipata nafuu kubwa kuliko lililosubiri. Huko Kasese, magharibi mwa Uganda, wahudumu wa jamii 36 walifundishwa kwa siku mbili, kisha wakahudumia watu 256 waliojitolea. Matokeo yalifanana na ya Rwanda.

Hapa ndipo msomaji makini anapopaswa kusimama. Katika utafiti wa vijana 50 hapakuwa na kundi la kulinganisha. Katika zile mbili nyingine, waliotibiwa walilinganishwa na waliokaa kungoja zamu. Mtu aliyeketishwa, akatazamwa machoni na kuambiwa "utapata nafuu" analinganishwa na mtu ambaye bado hajafikiwa na yeyote. Tofauti ikionekana, tutajuaje imeletwa na vidole?

Maswali hayo yalikwisha kuulizwa kwingine. Mwaka 2003 watafiti wawili, Waite na Holder, waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu wenye hofu mbalimbali. Baadhi waligonga sehemu halisi za EFT, wengine sehemu za kubuni, wengine wakamgonga mwanasesere. Makundi yote matatu yalipata nafuu. Mwaka 2005 Monica Pignotti, aliyewahi kufundishwa na Callahan hadi ngazi ile ya juu, alichapisha jaribio lake: mpangilio uliosomwa kwenye sauti ya mgonjwa haukuushinda mpangilio uliookotwa tu.

Kwa hiyo nafuu ipo, ila ramani ya nishati haijathibitika. Tukiishia hapo tutaona kwamba Rwanda na Kasese waliuziwa hewa. Mimi siishii hapo, na sababu yangu iko Nakivale.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Wanasaikolojia kutoka Ujerumani, Frank Neuner na wenzake, walichagua wakimbizi kutoka humohumo, wakawafundisha kwa wiki sita kutoa tiba ya masimulizi, ambapo mtu husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, pamoja na yale mabaya. Hawakutaja nishati wala kugonga popote. Walihudumiwa Wanyarwanda na Wasomali, na utafiti wa watu 277 ulichapishwa mwaka 2008. Waliosimulia walipata nafuu kubwa. Lakini waliopewa ushauri nasaha wa kawaida, na wakimbizi walewale waliofundishwa, nao walipata nafuu iliyokaribiana sana na hiyo.

Ukiziweka habari hizi pamoja, kimoja hakibadiliki: jirani aliyefundishwa, anayejua lugha, anayerudi kesho. Hicho ndicho mafunzo yale yalichowakabidhi watu, hata pale walimu walipodhani wanakabidhi njia za nishati.

Je, basi ramani ina ubaya gani kama mtu anapona? Ubaya unajitokeza pale asipopona. Callahan alikuwa na jibu kwa walioshindwa kupata nafuu: mwili wao una sumu za nishati. Katika orodha ya sumu hizo alitaja manukato, ngano na mahindi. Fikiria mhudumu wa kijijini Kasese, baada ya siku mbili za mafunzo, akimwambia mjane kwamba ndoto zake mbaya zinatokana na ugali. Kosa la nadharia linahamia kwenye sufuria ya mgonjwa, na mjane anaondoka akiamini ni yeye aliyekosea.

Mhudumu huyo anastahili kuambiwa ukweli siku ya kwanza ya mafunzo. Aambiwe kuwa kugonga huwatuliza wengi na hakuna aliyethibitisha kwamba ni kwa sababu ya nishati. Aambiwe kuwa kuketi kwake na mgonjwa ni sehemu ya dawa, hivyo asiharakishe kuinuka. Na apewe jina la zahanati iliyo karibu, kwa ajili ya yule ambaye alama yake itabaki 10 hata baada ya kugonga mara ya tatu.