Mkunga kwenye tangi la kioo: anafugwaje, na je, Nambis inawezekana?

Huenda umeona kwenye simu video ya samaki mrefu kama nyoka akichungulia kutoka kwenye mawe ndani ya tangi la kioo, kinywa wazi na meno nje. Wengi hudhani ni nyoka wa maji. Huyo ni mkunga, samaki wa baharini. Jina lake linafanana na la mkunga anayezalisha wajawazito, lakini hawahusiani. Makala hii inaeleza anavyofugwa, na kwa nini msikilizaji wa Nambis afikiri mara mbili kabla ya kutoa fedha yake.

Mkunga ni samaki gani?

Duniani kuna aina zipatazo 200 za mikunga wa jamii hii. Hawana magamba wala mapezi ya kifuani, na ngozi yao ni nene yenye ute. Hujificha kwenye mashimo ya matumbawe, na wengi wao huwinda usiku. Chakula chao ni samaki, kaa na pweza. Katika pwani yetu wapo, na mara nyingine huingia kwenye madema ya wavuvi. Aina kubwa hufikia urefu wa mita 3.

Anapofungua na kufunga kinywa hajakasirika. Anapumua, kwa kusukuma maji yapite kwenye matamvua. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walieleza kwamba mkunga ana taya za pili kooni. Taya hizo husogea mbele, hushika windo na kulivuta ndani. Ndiyo maana akishika haachii kirahisi.

Anahitaji nini?

Wafugaji wengi huchagua aina ndogo yenye mabaka meupe na meusi, ambayo mara nyingi hula kaa na kamba. Hata huyo anahitaji tangi la lita 200 au zaidi. Hizo ni ndoo 10 za lita 20, yaani kilo 200 za maji bila kuhesabu kioo na mawe. Meza ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo.

Maji lazima yawe ya chumvi kama bahari, takriban gramu 35 kwa kila lita. Kwa lita 200 ni kilo 7 za chumvi. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu maji ya bahari yana madini mengine mengi. Hutumika chumvi maalumu ya matangi. Kila wiki mbili hubadilishwa sehemu ya maji. Ukibadilisha lita 30 tu, unahitaji kilo moja nyingine ya chumvi.

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wazuri kwenye chujio ndio huibadilisha, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Mfugaji makini huandaa tangi kwanza, hupima maji, ndipo huleta samaki. Mfuniko nao ubane vizuri, maana mkunga hupenya kwenye upenyo mdogo na kufia sakafuni.

Hulishwa mara 2 au 3 kwa wiki. Chakula hushikwa kwa koleo ndefu, kamwe si kwa vidole. Mkunga haoni vizuri, hutegemea harufu, na mkono wenye harufu ya samaki kwake ni chakula. Akikuuma, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, libane kwa kitambaa safi damu ikatike, kisha nenda kituo cha afya. Huenda ukahitaji chanjo ya pepopunda. Hili likumbukwe na vijana wetu wanaopata kazi ya kutunza matangi mijini.

Je, Nambis inawezekana?

Mkunga anataka maji ya joto la nyuzi 24 hadi 27. Kwa baridi ya Mbulu ya Juni na Julai, hita ingewaka usiku na mchana. Pampu nayo haipaswi kuzimika. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hewa kwenye maji hupungua na samaki hufa.

Wengine huuliza kuhusu maji ya Ziwa Manyara au Eyasi, kwa kuwa yana chumvi. Maziwa hayo ni ya magadi, si ya chumvi ya bahari. Wapo perege waliozoea magadi, lakini mkunga angekufa.

Jihadhari pia na anayekuahidi biashara ya vifaranga vya mkunga. Mayai yake hutoa viluwiluwi vyembamba kama jani, vinavyoelea baharini kwa miezi mingi. Kuvikuza ni kazi ngumu mno, kwa hiyo karibu mikunga wote wanaouzwa wamevuliwa baharini. Biashara ya samaki wa mapambo ipo kweli: pwani ya Kenya wapiga mbizi huwavua, na Kigoma huvuliwa samaki wa Ziwa Tanganyika, kisha husafirishwa kwa ndege hadi nchi za mbali. Lakini hiyo ni kazi ya watu walio karibu na maji hayo, na wenye vibali.

Kwa aliye Nambis, jambo la kwanza ni kujua maji aliyonayo, ndipo achague samaki. Perege na kambare ni wa maji baridi yasiyo na chumvi, ingawa nao hukua polepole maji yakipoa. Kabla ya kuchimba bwawa au kununua vifaranga, pima joto la maji yako asubuhi na mchana kwa siku kadhaa, kisha mwone afisa uvuvi wa halmashauri ukiwa na vipimo hivyo mkononi.